Mke Mwenza wa Bi Mwanapili

Kwetu Kinondo, msichana akionana kwa mara ya kwanza na bibi wa mchumba wake, haombi kupendwa. Huomba atukanwe.

Kaka yangu Amin alipomleta nyumbani msichana wa kwanza, bibi yetu alimwita mwanangu, akampangusia kiti, akamuulizia hali ya wazazi wake mmoja mmoja. Msichana aliondoka amefurahi, na hatukumwona tena. Alipomleta wa pili, bibi alimtazama tangu utosini hadi unyayoni, akauliza kama ukoo wao wote umejaaliwa masikio ya popo au ni yeye peke yake. Yule wa pili ndiye wifi yangu leo, na watoto wake wana masikio hayo hayo.

Mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake. Ndivyo utani wetu ulivyo. Basi mke wa mjukuu huwa ni mke mwenza, na mke mwenza hapokewi kwa heshima. Hupokewa kwa maneno makali, naye huyajibu. Bibi akikuheshimu, ujue amekuona mgeni, na mgeni huondoka.

Kwa hiyo moyo wangu ulianguka Jumamosi ile, wiki moja baada ya Idi, Bi Mwanapili aliposhuka kwenye tuktuk mbele ya lango la Timboni, akanipa mkono, akaitikia shikamoo yangu, "Marahaba, mwanangu. Alhamdulillahi, sisi wazima. Wazazi hawajambo?"

"Hawajambo, bibi."

"Na masomo umemaliza, mashaallah."

"Nimemaliza, bibi."

"Mungu akuzidishie."

Nyuma yake mjukuu wake Boga, mchumba wangu, alikuwa akitabasamu kama mtu aliyeshinda kesi. Mimi nilikimbilia ofisini nikaleta kiti. Nikakipangusa kwa mtandio wangu.

Timboni ni timbo la zamani katikati ya Ukunda, mahali ambapo watu walikuwa wakichonga mawe ya kujengea. Mawe mazuri yalipokwisha, shimo liliachwa, likajaa maji ya mvua na ya chemchemi, yakaota matete na mayungiyungi, na ndege wakaja bila kuitwa. Walianza yangeyange na bata maji. Kisha wakaja wale wa mbali: vitwitwi wenye miguu myembamba wanaotoka Urusi, keremkerem wa rangi zote, mbayuwayu ambao jioni hujaa kwenye matete mpaka yanainama. Upande mmoja wa maji kuna nyumba za kupangisha, upande wa pili kuna karakana ya magari, na nyundo zake ndege wamekwisha kuzizoea. Vijana wa mtaa walilizungushia ua, wakaliita hifadhi. Mimi nilipohitimu shahada ya uhifadhi wa wanyamapori nilikuja kujitolea pale huku nikitafuta ajira. Niliamini, na naamini bado, kwamba mtu akimtazama ndege mmoja vizuri, ndege mmoja tu, hataweza tena kutupa mfuko wa taka majini.

Boga ni fundi wa majokofu katika hoteli moja ya Diani. Alikuja Timboni kutengeneza friji ya soda iliyoko langoni. Friji ilipona siku ile ile, lakini yeye aliendelea kuja kuikagua kila wiki, hata mwenyekiti wa kikundi akaanza kumuuliza kama ina mimba.

Boga alilelewa na Bi Mwanapili huko Ramisi tangu mama yake alipofariki. Wajomba zake walikuwa tayari kuja kwetu na posa, ila walisema wazi kwamba hawatafunga safari kabla bibi hajanikubali. Nami nisingeweza kwenda kwao kabla ya posa. Ingekuwa kukosa adabu. Ndipo Boga akapata wazo lake. Bibi angekuja Timboni kutazama ndege kama watu wengine, nami ningekuwa pale kazini kwangu. Tukionana, tumeonana.

Sasa tulikuwa tumeonana, na nilikuwa nimeitwa mwanangu.

Mercy akatokea kwenye matete, reki begani, amevaa viatu vya mpira vinavyofika magotini. Mercy kwao ni Kinango, lakini amekulia Ukunda. Yeye na mimi ndio tunaowatembeza wageni. Sikuwa na ugomvi naye, ila sikuwahi kumfurahia. Mimi nikiwaeleza wageni urefu wa safari ya ndege, wao hutikisa kichwa kwa heshima. Yeye akiwadanganya kwamba bata fulani ni mjane na yule pale ni mtalaka wake, hucheka na kutaka kupiga picha naye. Jina la Boga hulivuta: Bogaaa. Alijua Boga hanywi chai yenye sukari kabla mimi sijajua. Ni mambo madogo, na mtu mzima hayasemi. Lakini wivu ni kama mchwa. Hauli mlangoni ukauona, unakula ndani ya ukuta.

Bi Mwanapili alimwona, akasimama kutoka kwenye kile kiti changu.

"Na hii nini tena?"

"Huyu ni Mercy, bibi," Boga akasema.

"Sikuuliza ni nani, nimeuliza ni nini." Akamsogelea. "Ewe, miguu hiyo umeiazima kwa yangeyange?"

Nyundo za karakana zilikuwa zikigonga. Nilizisikia zote.

Mercy aliweka reki chini. "Yangeyange alinipa kwa moyo safi, bibi. Afadhali mimi. Wewe umebaki na meno mawili, na hata hayo hayasemeshani."

"Yalisemeshana zamani, yakagombana kwa ajili ya watu kama wewe!" Bi Mwanapili alijipiga paja. "Mume wangu, unasikia ninavyotukanwa? Nawe umesimama tu, unachekelea!"

Boga alicheka mpaka akashika magoti. Mimi pia nilicheka, kwa midomo.

Tukaanza kutembea juu ya tuta linalozunguka maji. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matembezi yale kama mtu anayejitayarisha kwa mtihani. Nilimwonyesha Bi Mwanapili kitwitwi akichokoachokoa matope, nikamwambia kwamba yule amebakiza siku chache tu kuwa nasi. Sasa anakula mchana kutwa ili ajaze mafuta ya safari, kwani atavuka jangwa na bahari kabla hajafika anakokwenda.

"Mashaallah," akasema Bi Mwanapili.

Nikamwonyesha keremkerem kwenye nyaya za umeme. Nikamwambia nao wanakusanyika ili waondoke pamoja.

"Mashaallah. Elimu ni kitu kizuri."

Kila mashaallah ilikuwa kama kusukumwa hatua moja nje ya nyumba. Nikampa darubini. Aliipokea kwa mikono miwili, akaitazamia, akanirudishia kwa mikono miwili. "Ahsante, mwanangu."

"Kwa hivyo ndege huyu ana kwao kuwili," akasema baadaye.

"Ndiyo, bibi."

"Basi ana wake wawili," Mercy akadakia nyuma yetu. "Mmoja Urusi, mmoja Ukunda."

"Hapana," nikasema, labda kwa ukali kidogo. "Huzaa kule kaskazini tu. Huku huja kula na kunenepa, kisha hurudi."

Bi Mwanapili alisimama. "Anakula huku, anazaa kule?"

"Ndiyo, bibi."

"Lo! Si ndiye huyu mume wangu! Miaka yote amekula kwangu, amenenepa kwangu, sasa ameota mabawa aende akazae kwa mwenye viatu vya mpira!"

Alisema hivyo akimtazama Mercy. Mercy naye akashika kiuno. "Mnenepeshe basi, bibi, mimi sitaki mume wa mifupa."

Boga alifuta machozi ya kicheko. Nikainamia darubini nikalizungusha gurudumu lake bila haja, mpaka maji yote yakawa ukungu. Habari ile ya ndege kula huku na kuzaa kule nilikuwa nimeitoa mimi. Niliisomea. Utani uliotoka ndani yake akapewa mwingine.

Tulipofika kwenye banda la makuti, Bi Mwanapili akafungua chakula alichotoka nacho Ramisi: muhogo wa nazi, bado una moto. Nami nilitoa cha kwangu. Nilikuwa nimeamka kabla ya alfajiri kukanda mahamri, na mbaazi nilizichemsha kwa tui zito kama anavyopenda Boga.

"Umejisumbua, mwanangu," akasema Bi Mwanapili. "Tia hapo." Akakisogeza chombo changu pembeni kwa upole, kifuniko kikiwa bado juu yake, akampakulia Boga muhogo. Mercy alipenyeza mkono akanyakua kipande. Bibi alimpiga kofi la mkono. "Mwizi wa mume, sasa mwizi wa muhogo!" Mercy akakitia kinywani akitafuna kwa fujo.

Nikasema nakwenda kutazama mbayuwayu. Hakuna aliyeuliza mbayuwayu gani saa ile ya mchana.

Upande wa pili wa maji tuna kibanda cha mbao cha kutazamia ndege, chenye upenyo mwembamba wa kuchungulia. Niliingia humo, nikaelekeza darubini bandani. Iliwaleta karibu hata nikaona nazi kwenye kidevu cha Boga, ila sauti haikuja. Niliona Bi Mwanapili akimfinya Mercy shavu. Niliona Boga akiinua kichwa, akitazama huku na huku, kisha akirudi kwenye sahani yake. Kitwitwi mmoja alipita mbele ya kioo, mkubwa kama kuku. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile nilimwona ndege ananizuia kuona.

Nilijiambia mambo mengi humo ndani. Kwamba Mercy hana kosa. Kwamba utani ni utani. Kwamba mimi ni msomi na nina mambo makubwa ya kuwaza, maji na matete na dunia yote. Halafu nikajikuta nimepima kwa macho ni nani kati yetu mwenye miguu mirefu.

Mlango ukalia. Mercy aliingia, akaketi kwenye benchi, akaanza kuvua kiatu kimoja atoe mchanga.

"Umekasirika," akasema.

"Sijakasirika."

"Twaiba, umeshika darubini juu chini."

Niliitazama. Ilikuwa kweli.

"Kwenu Kinango," nikamuuliza, "bibi akimtukana msichana mbele ya mjukuu wake, maana yake nini?"

"Maana yake ni hiyo hiyo."

"Na msichana akijibu?"

"Hiyo hiyo."

"Sasa kwa nini ulijibu, Mercy?"

Alikung'uta kiatu, mchanga ukamwagika kwenye mbao. "Bibi yangu alifariki Pasaka iliyopita," akasema. "Kila nikienda nyumbani, kabla sijafika mlangoni alikuwa ananiambia natembea kama mbuzi aliyekanyaga moto. Tangu siku hiyo watu wananisalimia tu. Habari yako, Mercy. Pole, Mercy. Leo huyu bibi akaniambia nina miguu ya yangeyange." Akacheka, kisha akaacha. "Mdomo ulijibu wenyewe. Simtaki Boga wako. Anaongea habari za friji mno."

Nilimwonea huruma. Lakini nisiseme uongo: wivu haukutoka. Ulisogea tu, ukakaa karibu na huruma, kama wapangaji wawili wa chumba kimoja.

"Hata hivyo amekuchagua wewe," nikasema.

"Amenichagua wapi? Wewe umempa nafasi gani? Umempa kiti, umempa somo. Yule mzee anakutupia jicho kila mara, anafungua mdomo, halafu anaufunga. Mimi nimemwona." Akavaa kiatu chake. "Mtukane."

"Siwezi kumtukana mtu mzima aliyenisalimia kwa adabu."

"Basi endelea na mbayuwayu wako."

Akatoka. Nilimsikia akipiga mluzi juu ya tuta, na nikajua anarudi bandani, atakaa tena pale, ataguswa tena shavu. Hilo ndilo lililoniinua. Ushauri wake ulikuwa mzuri, ila ni mluzi ule ulionifanya nitoke, nimpite njiani karibu nimtose majini, nifike wa kwanza.

Boga alikuwa na kipande cha muhogo njiani kuelekea kinywani. Niliichukua sahani kutoka mapajani mwake.

"Bibi," nikasema. Nikaanza upya. "Bibi, umemlisha mume huyu tangu akiwa mtoto, na tazama shingo yake ilivyo, kama ya korongo. Ulikuwa unampa chakula, au ulikuwa unamwonyesha tu kwa mbali? Sogea huko. Leo anakula kwangu."

Nilifunua chombo changu, nikaweka hamri mbele ya Boga.

Boga alikuwa amegeuka rangi. "Twaiba!" akanong'ona, kisha kwa haraka, "Bibi, hakukusudia, amechoka tu na jua..."

"Nyamaza. Hujaitwa." Bi Mwanapili hakumtazama. Alinitazama mimi, tangu utosini, taratibu, akashuka mpaka kwenye vidole vya miguu yangu, akapanda tena. Nilikuwa nimesimama na sahani ya muhogo wake mkononi, nikijua kwamba kama atasema mwanangu, nitaiweka chini nitembee mpaka Kinondo.

"Kumbe linasema!" akasema.

"Linasema, jamani! Nikadhani mume wangu ameniletea sanamu la dukani, lile la kuvalishwa nguo. Na uso umeukunja asubuhi nzima kama soli ya ndara. Nani alikutafuna akakutema? Hebu nione haya." Akachukua hamri, akauma upande wenye jino. "Mawe ya timbo haya! Kumbe hayakwisha, umeyaficha jikoni mwako!"

"Hamri halina kosa, bibi," nikasema, na machozi yalikuwa yakinitoka, sijui kwa nini. "Lenye kosa ni hilo jino, limetengana na mwenzake."

Bi Mwanapili alitupa kichwa nyuma akacheka, kicheko kirefu kikavu, mpaka bata wawili wakaruka kutoka kwenye mayungiyungi. Kisha akajishika kifua, akashusha pumzi.

"Ah, Mola wangu, afadhali. Tangu asubuhi nimelibana tusi kama mtu aliyebana chafya." Akamnyooshea Boga kidole. "Ni huyu! Jana baada ya magharibi amenikalisha kitako. 'Bibi, msichana mwenyewe amesoma chuo kikuu. Bibi, tafadhali usimtukane. Msalimie vizuri, sema mashaallah.' Mimi, katika uzee huu, nafundishwa kusema mashaallah! Nikaona sawa, mume akisema mke husikia. Lakini nikashuka, nikamwona huyu ameshika kiti, uso kama wa harusi ya mtu mwingine, maneno yakanijaa mpaka hapa. Nikaona bora nimtapikie huyo mwenye viatu."

Nilimgeukia Boga. Alikuwa akitazama hamri kana kwamba nalo ni jokofu lililoharibika.

"Nilidhani utatuona washamba," akasema.

"Mimi ni wa Kinondo, Boga. Ulidhani chuoni walinipa bibi mwingine?"

"Nilitaka upate heshima."

"Nilikuwa nakufa kwa heshima!"

Bi Mwanapili alikuwa tayari anakula hamri la pili. "Mwambie mamako aongeze mchele," akasema huku mdomo umejaa. "Wajomba zake huyu ni walafi, nao watataka kuja kabla mvua hazijashika. Na usiwapikie mahamri, tunawahitaji wazima."

Niliweka sahani chini nikakaa, kwa kuwa nilihitaji kukaa. Boga akanisogezea sahani, tukala muhogo wake bibi na mbaazi zangu pamoja. Moyo wangu ulikuwa mwepesi kama kitu kilichotolewa majini kikaanikwa. Ningependa kusema kwamba wivu uliisha pale.

Lakini Mercy alikuwa amefika, amesimama ukingoni mwa banda, reki yake mkononi, hana pa kukaa. Bi Mwanapili akamwona.

"Na wewe mwenye miguu ya kuazima..."

"Bibi," nikamkata kabla sijafikiri, "huyo si mke mwenzako. Mke mwenzako ni mimi."

Bi Mwanapili akashangaa, akamtazama Boga, akanitazama. "Mke mwenza gani huyu? Ana wivu hata wa matusi!"

Boga alicheka. Mercy naye alicheka, lakini alikuwa ameanza kugeuka, akisema ana majani ya kukusanya upande wa lango. Nilimtazama mgongo wake. Alitembea akiinua magoti juu sana kwa sababu ya vile viatu vizito, kama mbuzi aliyekanyaga moto.

"Mercy," nikamwita. "Njoo ukae."

Nilisogea kwenye jamvi, si sana, kiasi cha mtu mmoja mwembamba. Akaja akaketi. Nikampa hamri. Kisha nikamwambia Bi Mwanapili, na ilinibidi niyatoe maneno yale kwa nguvu kama mtu anayetoa chake:

"Basi mtukane na yeye, bibi. Lakini kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu."

Bi Mwanapili akafuta midomo yake, akavuta pumzi, akaanzia kwenye viatu.